Msuli wa madesa, msuli wa mapaja

Jumapili ile ya Kili Marathon nilikuwa nimekaa chini kwenye nyasi za uwanja wa Ushirika pale Moshi, raba nimevua, nahesabu malengelenge, mguu wa kulia mawili wa kushoto moja, ndizi mkononi imeliwa nusu, mara namuona mzee anaingia anamalizia kilomita 21, anakimbia kama mtu aliyebanwa na mkojo, fulana imemganda tumboni. Namuangalia, namuangalia tena. Hee. Si mwalimu wangu wa Takwimu huyu? Yule aliyenipa sifuri?

Nikainuka peku hivyo hivyo nikamfuata.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba binti, hujambo." Hanikumbuki, na kwa nini anikumbuke, darasani tulikuwa zaidi ya mia mbili. Nikamtajia mwaka na kozi, akasema aaah, ile aaah ya mtu ambaye bado hajakukumbuka ila hataki kukuvunja moyo. Nikamuuliza mwalimu na wewe umeanza lini haya mambo? Akacheka huku kashika magoti. "Presha binti. Daktari aliniambia nichague, raba au vidonge. Nikachagua raba. Saa hivi natumia vyote viwili."

Nilicheka kweli, tukapiga na selfi. Ila kwenye kosta ya kurudi Arusha, tumefika kama Boma Ng'ombe hivi, ile sifuri ikanirudia rohoni na kicheko kikaisha, ndo maana naandika.

Mi ni mtu wa Karatu. Ukitoka Karatu ukaingia chuo, anayewahi kukufuata kabla hata ya wavulana ni waziri wa michezo wa serikali ya wanafunzi, maana watu wanaamini kwetu tunazaliwa na mapafu ya akiba. Kosa la Filbert Bayi hilo, naye mtu wa Karatu. Mwaka 1974 kule Christchurch, New Zealand, michezo ya Jumuiya ya Madola, aliongoza mita 1500 tangu bastola inalia mpaka mwisho, hakumngoja mtu, John Walker anamfukuza nyuma hampati, 3:32.2, rekodi ya dunia. Miaka yote hiyo imepita na bado binti wa Karatu akifika getini na begi anaulizwa unakimbia? Nakimbia ndio, ila vya kawaida tu, UMISSETA, ile michezo ya sekondari, niliishia ngazi ya wilaya. Kujitetea hakukusaidia. Nikaandikwa mita 800 na 1500.

Chuo sikitaji. Ni cha huku kaskazini, cha mambo ya hesabu na biashara, na kama umeshakisia jina labda umekosea. Sifa yake ilikuwa moja, msuli. Kwa wasomaji wangu wa Kenya, msuli kwa wanachuo wa Bongo maana yake ni kusoma, mtu akikwambia jana nimepiga msuli mpaka saa tisa usiku hajabeba chuma chochote, alikaa na madesa, yaani notsi, na kahawa. Mi huwa naliwaza sana hili neno. Tumechukua jina la kitu cha mwilini tukampa daftari, na mwili wenyewe tukauacha umekaa kwenye kiti cha plastiki unakula sambusa.

Uwanja tulikuwa nao, tena mkubwa. Mwaka mzima nyasi zinafika magotini, mbuzi wa majirani wanaingia wanavyotaka, goli moja limelala. Wiki mbili kabla ya mahafali ndo utaona vijana wa kufyeka wamejaa, chokaa, mahema meupe, viti vimefungwa vitambaa, zulia jekundu linapita pale pale ambapo ingekuwa penalti. Siku moja kwa mwaka uwanja unapendeza. Alafu mbuzi wanarudi.

Na ratiba je. Jumatano saa nane mpaka saa kumi na mbili jioni iliandikwa MICHEZO, kwa herufi kubwa, imepakwa na rangi ya kijani. Miaka mitatu sikuona Jumatano hata moja ya kijani. Mwalimu alisafiri wiki iliyopita, anafidia Jumatano. Ukumbi uligongana, Jumatano. Sikukuu ilikula Jumatatu, kwaiyo Jumatano. Hakuna aliyewahi kusema michezo imefutwa, hapana, ingefutwa mtu angeuliza, ilikuwa inaliwa kidogo kidogo kama sukari ya kwenye kabati la hosteli, kila mmoja anachota kijiko kimoja tu.

Kwaiyo mi nilikuwa nakimbia saa kumi na moja alfajiri. Na hapa ndo nataka nikae kidogo, maana hiki kitu hakuna mtu aliwahi kunifundisha na ndo kilinivusha chuo.

Nilikuwa nakimbia raundi kumi kuzunguka uwanja, na kila raundi nimeipa kiwango chake cha uhasibu. Raundi ya kwanza IAS 1, namna hesabu zinavyowasilishwa. Ya pili IAS 2, stoo, gharama au bei utakayoipata ukishatoa za kuuzia, chukua ndogo, naisema kwa pumzi, gha-ra-ma-au-be-i, mguu kwa mguu. Sasa wahasibu wanajua, namba 3, 4, 5 na 6 hazipo tena, zilishafutwa, kwaiyo raundi ya tatu mpaka ya sita sina cha kukariri, hizo nilikuwa nakimbia kwa kasi kichwa kitupu, nasikia tu raba kwenye umande na jogoo wa kijijini. Ya saba IAS 7, mtiririko wa fedha, uendeshaji, uwekezaji, ufadhili. Ya nane makosa na makadirio. Ya tisa haipo nayo, ilikufa, kasi tena. Ya kumi matukio ya baada ya tarehe ya kufunga hesabu, na hiyo ilinifaa kwa sababu ndo natembea sasa natema mate nafikiria chai. Mpaka leo mteja akinitajia mzigo uliooza baada ya mwezi wa sita, kabla sijafikiria chochote nasikia miguu inapoa.

Mlinzi wa usiku mwanzoni alinifukuza. Mara ya pili akanimulika tochi usoni akauliza mwanangu unakimbizwa na nani. Mara ya tatu akaanza kunihesabia, nikipita kwenye kibanda chake anainua vidole.

Alafu rumeti wangu akaja. Yeye ni kipanga haswa, wa kupiga A bila kujitangaza, hajawahi kushika mpira maishani, ila mgongo ulikuwa unamuuma kwa kukaa, akaniomba nimpitie awe anatembea tu mi nikikimbia. Akaja na kanga juu ya taiti na malapa. Wiki iliyofuata akamleta mwenzake wa chumba cha pili. Ikifika wiki ya mitihani ya mwisho wa semista tulikuwa wasichana kumi na moja, kanga na malapa, mmoja na soksi za mashuka ya bweni sijui alishona mwenyewe, wanatembea wanaulizana maswali ya Kodi huku mi nawapita nazunguka nawapita tena. Hakuna aliyetupa jezi. Hakuna picha. Ukisoma taarifa ya mwaka ya chuo kuna ukurasa mzima wa michezo, kombe, timu ya mpira imepanga mstari na mkuu wa chuo katikati, traksuti mpya, na sisi kumi na moja hatupo.

Turudi kwenye sifuri.

Mwaka wa pili nikachaguliwa mashindano ya vyuo, mkoa mwingine, siku tano. Barua ya ruhusa ninayo, ina muhuri wa ofisi ya dean wa wanafunzi. Testi ya Takwimu ikapangwa Alhamisi, tukiwa huko. Nimerudi nimeenda ofisini na barua, mwalimu kaisoma mpaka mwisho, kaikunja vizuri kanirudishia, akasema barua hii mimi haikunifikia kabla. Nikasema mwalimu nakala yako ilipelekwa. Akaniangalia, sio kwa ubaya kwa kweli, kwa huruma hivi, akaniuliza, "Binti, umekuja chuo kusoma au kukimbia?"

Sifuri juu ya kumi na tano. Nikaingia kwenye mtihani mkuu na alama za kuokoteza, nikapiga msuli wa kufa mtu nisile supu, yaani nisirudie mtihani, nikatoka na C yangu ambayo ndo C pekee kwenye transkripti yote, imekaa pale kama kidonda.

Na kwenye hizo mita 800 unajua nilikuwa wa ngapi? Wa sita. Tulikuwa nane.

Sasa kila nikisimulia hii watu wananionea huruma alafu wanamlaani mwalimu, na mi sitaki hivyo, kwa sababu mzee hakuwa na kosa lote. Timu yetu ya mpira ilikuwa na vijana watatu ambao walikuja chuo wakadisko, yaani wakafukuzwa kwa kufeli, mwaka ule ule, mazoezi wanaenda, kipindi wamelala, bumu, ile hela ya mkopo, likiingia hawaonekani wiki nzima. Mwalimu aliwaona hao. Kila mtu akisema michezo inajenga nidhamu mi nawakumbuka hao watatu nanyamaza. Na bosi wangu wa sasa hivi hajawahi kukimbia hata kuwahi daladala, ana GPA ya kutisha na CPA juu, kichwa kimekaa sawa. Kwaiyo hadithi za kwamba ukicheza ndo unafaulu, tuziache.

Bosi wangu huyo huyo ndo tulibishana naye wiki iliyopita, chai ya saa nne. Yeye msimamo wake chuo cha kitaaluma sio akademi ya mpira, basi, anayetaka kucheza aende anakochezeka. Akanipiga na nondo moja kali, University of Chicago. Wale walikuwa wababe wa mpira wa Kimarekani, mchezaji wa kwanza kabisa kupewa tuzo ya Heisman, ile ya mchezaji bora wa vyuo, mwaka 1935, Jay Berwanger, alitoka kwao. Mwaka 1939 mkuu wao Robert Hutchins akaufuta mchezo, akaona unakula akili za chuo. Na unajua uwanja walifanyia nini, bosi ananiuliza huku anachovya andazi. Chini ya majukwaa ya uwanja ule ule, mwezi wa 12 mwaka 1942, Enrico Fermi na wenzake ndo walipowasha mtambo wa kwanza wa nyuklia duniani. "Umeona? Toa mpira, weka sayansi."

Nondo nzuri, nilikubali. Ila nikamwambia malizia hadithi bosi, mwaka 1969 mchezo ulirudi, umerudi mdogo, daraja la tatu la michezo ya vyuo vya Marekani, ambako sheria inakataza kumpa mtu ufadhili kwa ajili ya mguu wake, unaingia kwa kichwa chako alafu unacheza kwa sababu unapenda. MIT wako daraja hilo hilo, na wana timu zaidi ya thelathini. Thelathini! Chuo cha mainjinia. Alafu nikamtolea Caltech, na hao ndo ninaowapenda kuliko wote. Caltech kule California, watu wa fizikia, Nobel kwao kama vitambulisho, timu yao ya kikapu ya wanaume ilifungwa mechi 310 mfululizo za ligi yao, kuanzia 1985 mpaka mwezi wa pili 2011 walipowapiga Occidental 46 kwa 45. Miaka ishirini na sita! Na katika miaka yote hiyo kila msimu walipeleka timu, na jezi, na kocha, na basi. Hakuna aliyesema tunaaibisha chuo, tufunge.

Bosi akasema hao ni matajiri. Kweli, ni matajiri. Lakini kufungwa hakuhitaji utajiri, hata sisi tunaweza.

Na hapa ndo naona vyuo vyetu vinapojichanganya. Vinafikiria michezo kwa macho ya kombe. Kama huwezi kumtoa Simbu basi acha. Sasa Simbu, Alphonce Simbu aliyeliza watu kwa furaha Tokyo mwezi wa tisa 2025, marathoni ya dunia, wamemaliza na yule Mjerumani Petros kwa saa ile ile 2:09:48 mpaka picha ikaamua, dhahabu ya kwanza ya Tanzania kwenye mashindano ya dunia ya riadha, Simbu ni mwanajeshi. Bayi alikuwa mwanajeshi. Hii nchi kazi ya kulea wakimbiaji iliachiwa majeshi zamani, wanapata ajira, wanapata muda wa kujifua, na wengine kama Suleiman Nyambui walichukuliwa na vyuo vya Marekani vinavyotafuta miguu, yeye Texas pale El Paso. Nyambui na Bayi ndo medali zetu mbili za Olimpiki, fedha na fedha, Moscow 1980, mpaka leo hamna nyingine. Kwaiyo chuo cha uhasibu cha kaskazini hakijaombwa na mtu yeyote kuleta medali. Kazi hiyo ina wenyewe.

Chuo cha msuli kazi yake ni mtu kama mimi wa nafasi ya sita, na zaidi yule rumeti na mgongo wake. Maana nyie angalieni wasichana wanavyoingia chuo, kidato cha sita walikuwa wanacheza netiboli, wanafyeka, wanabeba maji, wakifika chuo mwili unasimama kabisa, hosteli darasani kantini, hosteli darasani kantini, miaka mitatu. Wanatoka na digrii na kiuno cha mama wa watoto wanne. Alafu tunafika ofisini tunakaa tena. Alafu ukifika hamsini daktari anakwambia chagua, raba au vidonge.

Na dawa yake hata haina gharama. Traksuti hatukuziomba, tripu hatukuziomba. Jumatano ya kijani ibaki kijani, na nyasi zikatwe hata siku ambazo mgeni rasmi haji. Roger Bannister, yule Mwingereza wa kwanza kukimbia maili moja chini ya dakika nne, 3:59.4, mwaka 1954, alikuwa mwanafunzi wa udaktari, mazoezi alikuwa anafanya muda wa chakula cha mchana, na siku yenyewe ya rekodi asubuhi alishinda hospitali London alafu ndo akapanda treni kwenda Oxford. Alihitaji kale ka-saa kamoja. Lakini kalikuwa kake, hakuna mtu aliyekuja kufidia kipindi juu yake.

Pale Ushirika sikumwambia mwalimu haya. Nilitaka, kwa kweli nilifungua mdomo, ila alikuwa anahema, na alikuwa ametoka kupanda kile kilima cha Mweka ambacho mimi mwenyewe nilikitembea nusu nzima, nikaona huyu leo ameshajibiwa na kilima. Nikampa nusu ya ndizi iliyobaki. Akala. Akaniuliza, "Wewe ulikuwa unakimbia tangu chuo?" Nikasema ndio mwalimu. Akasema, "Vizuri sana, ulikuwa na akili."

Yaani.

Basi mdogo wangu wa mwisho kaanza chuo mwaka huu, hapa hapa Arusha, na yeye mambo ya hesabu. Wiki ya kwanza kanitumia picha ya ratiba wasap, furaha imemjaa, dada ona Jumatano tuna MICHEZO, nijiandikishe netiboli? Nikamwambia jiandikishe, ila ngoja wiki ya tatu. Nikampelekea na raba zangu za zamani, zile za mtumba nilizonunua soko la Memorial, bado zina soli.

Wiki ya tatu ikafika. Jumatano saa nane kanitumia picha nyingine, safari hii ya ubao, projekta, vichwa vya watu kwa nyuma. Chini kaandika: Takwimu, anafidia.

Nikamuuliza unaamka saa ngapi.

Kajibu: naweza kumi na moja dada, ila mlinzi wa huku ana mbwa.